Mazishi ya Ubongo wa K-14

Si zamani sana, na wala si mbali. Ukipanda juu ya bati la kwenu siku isiyo na vumbi, utaiona nchi yenyewe. Jina lake tumeliomba kwa barua, tukajibiwa kwamba bado linashughulikiwa, kwa hiyo twende tu hivyohivyo.

Nchi hiyo ina heshima, bwana, we acha tu. Huko kila kitu kilichonunuliwa na serikali ni mtumishi wa umma. Kiti ni mtumishi. Stepla ni mtumishi. Ndoo ya kudekia choo cha wilaya ina faili, ina namba, ina likizo siku ishirini na nane kwa mwaka, na ikiwa likizo mtadeki kwa mnachojua wenyewe. Ilianzaje? Rais mmoja alihutubia saa saba mfululizo juani. Wasaidizi wanne wakaanguka. Kipaza sauti hakikuanguka. Rais akakitazama machozi yakimlengalenga, akasema, "Huyu ndiye mtumishi." Kesho yake ikawa sheria.

Na kwa kuwa ni nchi ya adabu, mdogo anamwamkia mkubwa. Umeajiriwa leo, ukamkuta meza yupo tangu juzi, basi meza ni mkubwa wako. Asubuhi ukiingia ofisini unaanzia mlangoni: shikamoo komeo, shikamoo kabati, shikamoo feni. Hawaitikii. Lakini mabosi nao hawaitikii, kwa hiyo watu wameshazoea.

Mwajabu alikuwa karani kwenye Ofisi ya Kumbukumbu ya wilaya moja hivi, na kila asubuhi kwa miaka kumi na nane alimwamkia kompyuta. Kompyuta mwenyewe aliitwa Mtumishi K-14, na alimtangulia kazini kwa wiki mbili. Wiki mbili tu! Lakini shikamoo ni shikamoo.

K-14 hakuwa kompyuta wa kujidai. Boksi lake lilianza na rangi ya maziwa, likaja likawa rangi ya chai, mwishoni likawa rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Ila ndani yake mlikuwa na watu. Watu wa Bonde la Kinyasi, wote, kaya elfu moja mia tatu na sita: nani anaishi wapi, analima nini, amemzika nani na kamzika upande gani wa nyumba. Mwajabu ndiye aliyewaingiza, kwa vidole viwili, kutoka kwenye madaftari ya kata, mwaka uleule alioajiriwa. Alipomaliza, madaftari yakachomwa moto mbele ya mgeni rasmi na ngoma zikapigwa, maana nchi ilikuwa imeingia kwenye kompyuta na ilionekana ni aibu kubaki na karatasi.

Na huko Kinyasi ndiko alikozaliwa Mwajabu. Mama yake, Bi Nyamizi, alikuwa bado yuko huko, kaya ya mia nane sabini na moja, yeye na muhogo wake na kaburi la mumewe.

Sasa mwaka wa kumi na nane serikali ikagundua kwamba Bonde la Kinyasi halina mtu. Iligunduaje? Waziri alipita juu na helikopta, akachungulia, akaona kijani. Basi bonde akapewa mwekezaji atengeneze mahali pa kupumzikia helikopta, kwa sababu helikopta nazo ni watumishi na zilikuwa zimelalamika. Lakini tusiwaonee watu wa serikali, nchi ile ni ya haki. Walibandika tangazo: yeyote anayedai kwamba anaishi Kinyasi alete kumbukumbu halali ya serikali mbele ya Baraza la Ardhi, Jumatatu saa nne asubuhi. Asiyeleta, hayupo.

Bi Nyamizi akapiga simu.

"Mwajabu, wamekuja vijana na kopo la rangi. Wamechora alama nyekundu jikoni, chooni, na kwenye kaburi la baba yako."

"Ukawaambia nini, mama?"

"Nikawaambia karibuni uji. Wakanywa. Nikawauliza, nyie, uji wangu mmekunywa, halafu mnasema mimi sipo? Mmoja akanijibu, 'Bibi, sisi ni watu wa rangi tu. Mambo ya kuwepo ni kitengo kingine.'"

"Usihofu mama. Majina yenu yote anayo K-14."

"Huyo K-14 mtu wa wapi?"

"Mkubwa wangu kazini."

"Haya. Mwambie namsalimia."

* * *

Shida ni kwamba K-14 alikuwa kipofu. Skrini yake ilizimika masika iliyopita na haikuwaka tena. Mwajabu aliandika kuomba nyingine, barua ikazunguka miezi saba, ikarudi na muhuri: *Masuala ya macho yapelekwe Wizara ya Afya.* Wizara ya Afya nao wakajibu kwamba mgonjwa afike mwenyewe. Printa alishastaafu zamani, akaagwa kwa keki. Na vile vitundu vya kuchomekea flashi vilizibwa kwa lakiri, adui asije akamnong'oneza kitu.

Ilibaki njia moja. Ufungue boksi, utoe hadidiski, yaani kile kibati bapa kinachotunza kila kitu, ukichomeke kwenye kompyuta nyingine yenye macho. Skrubu nne. Dakika tano, na hapo unakunywa na chai.

Lakini boksi nalo lilipigwa lakiri ubavuni, na kuivunja lakiri ni kumjeruhi mtumishi wa umma. Kuna karani mmoja wa idara ya jirani alibadilisha mausi bila idhini ya mausi. Yuko ndani mpaka leo.

Jumanne ikaja barua. Mtumishi K-14 amefikisha umri wa kustaafu. Ijumaa ataagwa rasmi, halafu mwili upelekwe kiwandani ukayeyushwe uwe sufuria. Ila kabla ya hapo ubongo wake utolewe, kwa sababu una siri za nchi, uzikwe kwa heshima zote kwenye Uwanja wa Mashujaa.

Mwajabu akasoma mara mbili, akaweka bisibisi kwenye mkoba, akaenda kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi Ngwandu alikuwa amesimama. Siku zote alikuwa amesimama. Kiti chake kilimtangulia kazini miaka tisa, na huwezi kumkalia mkubwa wako, kwa hiyo alifanya kazi zake pembeni ya kiti, mikono nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umemwamkia kiti?"

"Shikamoo kiti."

"Haya, sema."

"Naomba ruhusa nimfungue K-14, mzee, nitoe hadidiski. Bisibisi ninayo."

Mkurugenzi akashika kifua. "Mwajabu, wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Ndugu wa mgonjwa?"

"Hapana mzee."

"Halafu unataka kumpasua mtumishi wa umma kwa bisibisi, ofisini, mchana kweupe, watu wanakula mihogo?"

"Ni skrubu nne tu."

"Nne tu! Unazitaja kama karanga. Sikiliza. Ya kwanza ilinunuliwa na Idara ya Ujenzi. Ya pili ni ya Mifugo. Ya tatu walitupa wafadhili, hiyo haiguswi mpaka waje na kamera. Ya nne..." Akashusha sauti, akatazama mlango. "Ya nne hatujui ni ya nani. Na hiyo ndiyo inayotunyima raha."

"Mzee, Jumatatu mama yangu atafukuzwa kwake."

"Pole sana. Ana namba ya utumishi?"

"Hana."

"Ndo hapo sasa. K-14 anayo." Akamtazama kwa huruma, kweli kabisa, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu amesimama muda mrefu. "Alhamisi inakaa Kamati ya Kichwa, ya kuutoa huo ubongo. Wanahitaji mtu wa kupeleka maji. Nenda wewe."

* * *

Kamati ya Kichwa ilikuwa na watu tisa na glavu kumi na saba. Mwenyekiti wao alikuwa Brigedia mstaafu Lukosi, mzee wa masharubu, ambaye hajawahi kukosa kamati tangu alipostaafu, na watu wanasema alistaafu ili apate nafasi ya kamati.

Wakaimba wimbo wa taifa. Wakavunja lakiri. Wakafungua ubavu wa K-14. Akatoka mjusi, akapigiwa saluti kwa makosa, akaingia chini ya kabati. Halafu wote tisa wakainama wakachungulia kama watu wazima wasiojua kitu, kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme.

"Ubongo," akasema Brigedia. "Nani ataionyesha Kamati ubongo?"

Mjumbe mmoja akakohoa. Mwingine akatazama saa.

Mwajabu alikuwa amesimama na sinia la maji. "Samahani waheshimiwa. Ni hicho kibati bapa, hapo chini pembeni. Kina karatasi imeandikwa K-14 Kinyasi."

Brigedia akainama mpaka masharubu yakagusa vumbi. "Hiki? Kinafanya nini?"

"Kinakumbuka, mzee."

"Kinakumbuka, halafu?"

"Basi. Kinakaa kimya kinakumbuka kila kitu."

Kamati ikacheka, kicheko kizuri tu, cha baba kwa mtoto.

"Mama," Brigedia akasema akijifuta macho, "kitu kinachokaa kimya pembeni na kukumbuka kila kitu si ubongo. Huyo ni karani. Sasa niambie, na huyu mnene wa huku juu, mwenye nyaya nyingi?"

"Hicho ni kiboksi cha umeme. Kinapokea umeme kinagawia wenzake."

"Anapokea wa kwanza?"

"Ndiyo."

"Anagawa wote?"

"Hapana mzee, kidogokidogo. Mwingine unapotelea humohumo ndani, unakuwa joto."

Wajumbe wakatazamana.

"Na hii feni yake?"

"Inatoa upepo."

"Kwa sauti?"

"Sana, mzee. Ofisi nzima inasikia."

Brigedia Lukosi akavua kofia taratibu. "Waheshimiwa, tusimame. Anapokea wa kwanza. Anagawa kidogo. Anapata joto. Anatoa upepo kwa sauti. Kama huu si ubongo wa serikali, basi mimi sijawahi kufanya kazi serikalini."

Wakapiga kura. Tisa kwa sifuri.

Mwajabu akafungua mdomo. Halafu akaufunga.

Kwa sababu hebu fikiria mwenyewe. Wakizika kile kiboksi cha feni, hadidiski itabaki tumboni kwa K-14. K-14 atapelekwa kiwandani Jumamosi. Na kiwandani hakuna kamati, kuna watu wa skrepa tu, na mtu wa skrepa unaongea naye mkaelewana. Miaka kumi na nane ujinga wa wakubwa ulikuwa unamwangukia kichwani. Leo kwa mara ya kwanza ulikuwa umeangukia upande wake. Akagawa maji kwa mikono miwili, kwa adabu zote, na mjumbe mmoja akasema huyu mama ana malezi.

Ijumaa nchi ikaomboleza. Kiboksi cha umeme kikalazwa kwenye mto wa mahameli, kikafunikwa bendera, feni juu. Waziri wa Vitu Vilivyochoka alisoma hotuba kurasa arobaini. "Ulikuwa na joto," alisema. "Wengine walikuita kelele. Sisi tuliokuwa karibu nawe tulijua ni fikra." Mizinga ikapigwa, kuku wa jirani wakaacha kutaga wiki nzima. Wanafunzi wa shule tatu walipangwa juani walie. Shule iliyolia vizuri ilipewa chaki.

Ikaja hati ya mazishi. Iliandikwa kwa wino wa dhahabu kwamba *ubongo wa Mtumishi K-14, wenye kumbukumbu zote za Bonde la Kinyasi, umezikwa leo, na nje ya huo hakuna mwingine.* Wajumbe tisa wakatia sahihi. Brigedia akaangaza macho akamwona Mwajabu nyuma kwenye majani.

"Na yule mama aliyefanya naye kazi. Njoo utie ya kumi, mwanangu. Umestahili."

Akikataa, wataanza kuuliza. Wakianza kuuliza, watarudi kuchungulia kwenye boksi. Mwajabu akachukua kalamu, akaandika jina lake vizuri, na herufi zote.

* * *

Kiwanda chenyewe kilikuwa uwanja wa matope na mashine moja ya kugandamiza bati, inameza friji inatema tofali. Msimamizi alikuwa kijana anaitwa Chogo, kichwa chake ukikiona huulizi kwa nini.

"Dada, kompyuta wa serikali yupo yule pale, wa tatu kwenye foleni. Wewe nani wake?"

"Nilifanya naye kazi miaka kumi na nane."

"Aisee. Na mimi nina mke miaka miwili tu nimechoka. Unataka nini kwake?"

"Kitu kimoja, kidogo. Hadidiski."

Chogo akamwangalia, akaangalia foleni. Friji likaingia mashineni, likalia kama mbuzi. "Mimi napeleka bati, dada. Cha ndani hakiko kwenye karatasi yangu. Ila mashine sizimi, ikizimwa haiwaki tena mpaka iandikiwe barua. Una muda wa friji moja na jiko moja."

Mwajabu akapiga magoti kwenye matope. Mazoea hayana dawa: kabla hajagusa kitu akasema, "Shikamoo K-14."

"Unamwamkia!" Chogo akacheka mpaka akashika nguzo. "Jamani, watu wa ofisini mnaumwa!"

Skrubu ya Ujenzi ikatoka. Ya Mifugo ikatoka. Ya wafadhili ikasumbua, ikatoka, na hakuna aliyepiga picha. Ya nne ikazunguka palepale. Kichwa chake kilikuwa kimelika, bisibisi inateleza tu.

Jiko likaingia mashineni.

"Dada, zamu yake inafika!"

"Imekataa! Hii ya nne imekataa!"

"Ni ya nani hiyo?"

"Hakuna anayejua!"

"Basi haina mwenyewe," Chogo akasema, akaja na nondo, akaipenyeza nyuma ya kibati akabinya mara moja. Skrubu ikaruka ikapotelea matopeni, na ndo ukawa mwisho wa kesi yake. Hadidiski ikadondokea kwenye khanga ya Mwajabu. Nyuma yake K-14 akaingia mashineni, akatoka tofali, tofali safi la rangi ya chai.

Chogo alikuwa na kompyuta lake kibandani, limeunganishwa vipande vya maiti kama kumi. Wakachomeka. Ikakoroma kidogo, ikanyamaza, halafu majina yakaanza kushuka kwenye skrini. Kaya ya kwanza. Ya pili. Chogo akawa anasoma kwa sauti na kucheka. "Mwanakombo Tegelea, mjane, mbuzi watatu, mmoja mwizi! Mmoja mwizi! Nani aliandika hivi?"

"Mimi. Ndivyo daftari la kata lilivyosema."

Wakafika mia nane sabini na moja. *Nyamizi binti Kasembo. Muhogo, ekari moja na nusu. Kisima kifupi. Kaburi moja, mashariki ya jiko.* Chogo akaacha kucheka.

"Kwa hiyo huyu ndo mama?"

"Ndo yeye."

"Ngoja nikunakilie kwenye flashi, uwe nazo mbili."

"Nakala isiyo na namba ya serikali wanaiita umbea. Hii ina namba yake, ina muhuri. Hii inatosha."

Siku ile Mwajabu alitembea kurudi nyumbani na kile kibati kifuani, na ukimwangalia ungesema ni mtu aliyeshinda. Tumwache hapo kidogo. Hatapata tena siku kama hiyo.

* * *

Jumatatu saa nne Baraza la Ardhi lilijaa. Watu wa Kinyasi walikuja wamevaa nguo zao za sikukuu, kila mmoja na maombi yake kwenye karatasi ya daftari. Bi Nyamizi alikaa mbele na kitenge kipya. Akaingia Mwenyekiti wa Baraza. Ni nani? Brigedia mstaafu Lukosi. Nchi ile ina watu wachache wenye sifa.

Mwajabu akaweka hadidiski mezani.

"Hii ni nini?"

"Kumbukumbu za Kinyasi, mzee. Kaya elfu moja mia tatu na sita. Tukichomeka hapa, dakika tano, utaziona zote."

Brigedia akaitazama. Akaiona karatasi yake, K-14 Kinyasi, na muhuri. Akaitambua, Mwajabu aliona kabisa kwamba ameitambua. Alikuwa anaiangalia kama mtu aliyekutana na mkwewe kilabuni. Halafu akavaa miwani, na usoni pakafungwa.

"Mama, ubongo wa K-14 uko wapi?"

"Mzee, ule uliozikwa haukuwa—"

"Nimeuliza uko wapi, kwa mujibu wa hati."

Hati ikaletwa. Ikasomwa, wino wa dhahabu na kila kitu. *Na nje ya huo hakuna mwingine.*

"Sahihi ya kumi ni ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Ulishuhudia kumbukumbu zote za Kinyasi zikizikwa?"

"Nilishuhudia feni ikizikwa."

Brigedia akaikunja hati.

"Basi," Brigedia akasema polepole, "ama uliidanganya serikali Ijumaa, ama unaidanganya leo. Ijumaa ni miaka mitano, kulikuwa na wageni. Leo ni mitatu. Chagua."

Bi Nyamizi akasimama. "Baba Mwenyekiti, samahani, mwanangu muache. Kaya mia nane sabini na moja ni mimi hapa. Nipo. Nishike mkono uone."

"Mama, kukushika mkono si utaratibu."

"Basi tazama hata kivuli changu hicho ukutani."

"Kivuli hakina namba. Kaa, mama." Akageukia wajumbe. "Lakini Baraza hili ni la haki. Ubongo unabishaniwa, basi uulizwe wenyewe."

Wakaenda kuufukua. Ulikuja na mto wake wa mahameli, na udongo kidogo kwenye feni. Brigedia akasimama, maana marehemu ni mkubwa wa wote, akasema, "Shikamoo." Fundi wa Baraza akachomeka ukutani, akaunganisha waya wa kijani na mweusi, na feni ikaanza.

Vuuuuuu.

"Bonde la Kinyasi, unalikumbuka?"

Vuuuuuu.

"Huyu Nyamizi binti Kasembo, unamfahamu?"

Vuuuuuu. Karatasi za maombi zikainuka mezani, moja, kumi, mia, zikapita dirishani kama kundi la njiwa. Watu wakakimbilia nje kuzidaka. Karani wa Baraza akaandika: *Ubongo uliulizwa mara mbili. Ulijibu kwa upepo. Haukutaja mtu.*

"Mzee," Mwajabu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "unajua. Wewe mwenyewe unajua."

"Mwanangu," Brigedia akamjibu, naye akashusha sauti, "nikijua mimi peke yangu, nitajua kwa kamati gani?"

Hukumu ikasomwa palepale. Bonde la Kinyasi halina mtu, wala halijawahi kuwa naye. Kuhusu Mwajabu, Baraza limegundua kwamba alizaliwa Kinyasi. Na kwa kuwa Kinyasi haina mtu, hakuna wa kufungwa. Wala hakuna aliyeajiriwa miaka ile kumi na nane. Na hicho kibati, kwa kuwa si ubongo na si kumbukumbu, si mali ya serikali. Amwachie nani? Achukue tu.

Wakampa mkononi.

Serikali ilikuwa imeandaa malori kumi na mawili ya kuwahamisha watu wa Kinyasi, tuseme ukweli, yalikuwa yameshawashwa. Hukumu ilipotoka yakarudishwa gereji, maana huwezi kupakia watu ambao hawapo. Kwa hiyo walitembea. Masufuria kichwani, mbuzi mbele, na mjukuu wa yule mwizi akiwemo. Kwenye mizani ya barabarani askari aliandika kwamba siku hiyo barabara ilikuwa tupu.

Bi Nyamizi alitembea mpaka jua likawa utosini, ndipo akauliza. "Hebu nikione." Mwajabu akampa. Akakigeuzageuza, akakiweka sikioni.

"Mbona kimya?"

"Ndivyo kilivyo, mama."

"Mimi nimo humu?"

"Umo."

"Na baba yako?"

"Yumo. Na kaburi lake, mashariki ya jiko."

Bi Nyamizi akafungua pindo la khanga, pale anapowekaga ugoro, akakifunga humo na mafundo mawili. "Mashariki ya jiko," akasema. "Sasa jiko ndo liko wapi?" Hakuwa anamuuliza Mwajabu.

Helikopta zilikuja mwezi uliofuata. Zinapumzika vizuri. Ubongo nao ulirudishwa Uwanja wa Mashujaa, na safari hii serikali iliuvutia umeme mpaka kaburini, usije ukahitajika tena kutoa ushahidi. Nguzo zilipita katikati ya Kinyasi, ambako watu waliomba umeme miaka ishirini, kama waliwahi kuwepo. Anayeona tumetia chumvi aende akaulize mwenyewe. Lango la uwanja liko wazi kila siku, atoe shikamoo kwanza, na feni inazunguka tu.